Koleti na holda za karakana ya nyumbani: hela kidogo iende wapi

Mtu akinunua lethi ndogo (mashine inayozungusha chuma kichongwe kwa kisu) au kamashine ka milingi (kanakozungusha kikata juu ya chuma) akakaweka stoo au kwenye banda la nyuma, gharama anayoiona ni ya mashine. Ikishatua ndo anashtuka kwamba bila vitu vya kushikia endimili (vikata vya milingi vyenye meno) na visu hakuna kazi itakayofanyika, na hapo ndipo hela inapoanza kuvuja, maana huko mtandaoni kuna masanduku ya koleti (vipete vya chuma vyenye mipasuo vinavyobana shina la kifaa) yanang'aa, vipande 15, vipande 18, mtu anaona wingi analipia, kumbe vipande vitano na mwili mzuri wa kuvishikilia vingempa kazi safi kuliko lile sanduku zima.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hela nzuri iende kwenye kile kinachozunguka na spindo (mhimili unaozunguka wa mashine), yaani mwili wa chaki (kishikio) ya koleti pamoja na nati yake. Koleti zenyewe utaongeza moja moja kadri kazi zinavyokuja. Na upande wa lethi, hela iende kwenye posti ya visu na holda zake kabla ya kwenda kwenye visu.

Mashine ninazozungumzia ni zile lethi za Kichina za inchi 7, yaani kipenyo kikubwa kinachoweza kuzunguka humo (aina ya Sieg C2 na C3, na ndugu zake zinazouzwa kwa majina kibao na rangi kibao), milingi ndogo za aina ya X2, na ukibahatika mtumba kama Bridgeport au Myford ya Kiingereza.

Hatua ya 1: Jua mdomo wa spindo yako kabla ya kuagiza chochote

Hii wengi wanairuka. Spindo ina tundu la tepa (linalopungua kama koni), na tepa ziko za aina tofauti, hazibadilishani hata kidogo. Kwenye mashine ndogo utakutana na MT2, MT3 na R8, kwenye kubwa kidogo ISO30 au ISO40. Chukua vania (kifaa cha kupimia kipenyo) upime mdomo: MT2 ni kama milimita 17.8, MT3 ni kama 23.8, na R8 mdomo wake ni mpana, karibu 31.75, tepa yake ni fupi afu ndani inakuwa tundu lililonyooka la kama milimita 24.1. R8 pia ukimulika tochi ndani utaona kapini kadogo kametokeza, ndo kanakoingia kwenye mfereji wa holda.

Ukishajua tepa bado hujamaliza. Kuna drobaa, ile nondo ndefu inayoshuka kutoka juu ya spindo kuvuta holda ikae. Tredi yake lazima ifanane na ya holda. MT3 ya Ulaya na ya Kichina kwa kawaida ni M12, ya Kimarekani 3/8 yenye nyuzi 16 kwa inchi. R8 ya asili ni 7/16 nyuzi 20, ila Wachina wanauza pia R8 za M12 na kwa picha huwezi kuzitofautisha. Ukimuuliza muuzaji "kaka, hii tredi yake ipi?" atakujibu "bosi hiyo inaingia zote". Haiingii zote. Mwambie apige picha ya matako ya holda bolti ikiwa imefungwa humo, au asome maandishi yaliyogongwa kwenye shina.

Kingine cha kuangalia, holda za MT ziko za namna mbili: zenye ulimi bapa nyuma na zenye tredi nyuma. Za ulimi ni za kutobolea tu, kwenye drili presi au telistoki (kichwa cha nyuma cha lethi). Usifanye nayo milingi hata kama imekaza namna gani, maana milingi inasukuma kwa ubavu na kutetemesha, MT isiyovutwa na drobaa inachomoka mashine ikiwa inazunguka, na kinachochomoka ni chuma chenye meno.

Kama bado hujanunua mashine na unachagua kati ya MT3 na R8: R8 inaachia kirahisi, unalegeza drobaa unaigonga kidogo inatoka. MT3 inang'ang'ania, hasa spindo ikiwa imepata moto na kupoa, unaishia kugonga nyundo na kila pigo linafika kwenye beringi. Ila MT3 ina faida moja kubwa kwa mwenye hela ndogo, ile lethi ya inchi 7 hedstoki yake (kichwa chenye spindo) nayo ni MT3, kwa hiyo koleti na chaki zinahama kutoka mashine hii kwenda hii. Ukienda na MT3 usikaze drobaa kama unafunga tairi la lori, na ukimaliza kazi ya siku ilegeze, usiiache imelala imekazwa.

Hatua ya 2: Chagua familia moja ya koleti, uishi nayo

Ziko nyingi: ER, 5C, koleti za R8 zenyewe, koleti za MT3 zenyewe, na nyingine za zamani ambazo ukizikuta kwa mtumba ziache hapo hapo. Kwa karakana ya nyumbani chagua ER. Ilitengenezwa na Rego-Fix, kampuni ya Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye ikaingia kwenye viwango vya DIN 6499 na ISO 15488, maana yake koleti ya mtengenezaji huyu inaingia kwenye chaki ya yule na nati ya wa tatu. Uzuri wake mwingine, kila koleti (ukitoa zile ndogo sana) inabana kwa upana wa milimita nzima, iliyoandikwa 10-9 inashika kuanzia 10 kushuka mpaka 9. Koleti ya R8 yenyewe haiko hivyo, ya 10 ni ya 10, ukiweka kitu cha 9.5 haikishiki.

Namba ya ER inakaribiana na kipenyo cha koleti kwa milimita, na uwezo wake ndo huu:

ER11 inashika mpaka 7
ER16 mpaka 10
ER20 mpaka 13
ER25 mpaka 16
ER32 mpaka 20
ER40 mpaka 26

Kwa mwenye lethi na milingi zote mbili mimi nasema ER32 bila kuzunguka. Sababu: spindo ya lethi ya inchi 7 ina tundu la milimita 20, na ER32 inaishia 20, kwa hiyo chochote kinachopita kwenye spindo kinashikika, na ER40 ingekuongezea uzito na bei kwa kitu ambacho hakipiti humo. Mwenye milingi ndogo peke yake bila lethi anaweza kukaa na ER25, nati yake ni nyembamba kidogo inafika kwenye kona ambazo ya ER32 inagonga vaisi. Mwenye rauta ya CNC hana la kuchagua, spindo yake mara nyingi inakuja na ER11 au ER20 tayari.

Lakini kuna jambo ambalo wanaoshabikia ER hawasemi. Chaki ya ER32 inaning'inia chini ya spindo, na nati, na endimili mbele yake. Kwenye X2 ambayo nafasi ya juu na chini ni finyu, urefu huo unauma mara mbili: unapoteza nafasi ya kazi, afu endimili ikiwa mbali na beringi inatetemeka zaidi, unasikia mashine inalia na uso wa chuma unatoka na mawimbi. Kwa hiyo pamoja na ER, nunua koleti mbili tatu za moja kwa moja za spindo yako, MT3 au R8, za 6, 10 na 12. Hizo zinaimeza endimili ndani ya spindo kabisa, na chuma kigumu kikate nazo. ER ibaki ya kutobolea, kazi za kubadilisha badilisha, na lethi.

5C ni nzuri, inabadilishwa haraka, na Marekani iko kila karakana, lakini haina upana wa kubana, ukitaka saizi zote unajaza droo. Ukipewa bure chukua.

Hatua ya 3: Mwili na nati

Nati ya ER ina kazi mbili, kusukuma koleti ndani na kuivuta itoke. Ndani yake kuna ukingo uliokaa upande, haukai katikati makusudi, ndo unaoingia kwenye mfereji wa koleti. Kwenye seti za bei chee koleti mara nyingi ni za kuridhisha kabisa, kinachoharibu ni nati: tredi yake haikukatwa kwa pembe mraba na uso wake, kwa hiyo ukikaza inaegemea upande mmoja na kuipinda koleti. Dalili yake utaiona kwenye vipimo, kila ukilegeza na kukaza namba inabadilika. Watu wanatupa koleti wananunua seti nyingine, tatizo linabaki pale pale kwa sababu nati ni ile ile. Nati ya ER32 ni M40x1.5 kwa wote, kwa hiyo unaweza kuchukua mwili wa bei ya kati na koleti za bei chee afu ukanunua nati moja ya mtengenezaji anayeeleweka. Hiyo ndo hela inayojilipa haraka kuliko zote kwenye makala hii.

Spana inayokuja na seti ni bati lililopindwa. Tafuta ya chuma kilichofuliwa yenye mpini mrefu, maana ER32 watengenezaji wenyewe wanataka ikazwe kwa zaidi ya Nm 100, kwa mpini wa sentimita 30 hiyo ni kama unaning'iniza kilo 35 pale mwishoni. Nyumbani kwa endimili ndogo huhitaji kufika huko, ila ujue kukaza kwa mkono na kaspana kafupi hakutoshi, endimili itashuka polepole kutoka kwenye koleti huku ikizidi kuchimba.

Kwa upande wa lethi usinunue chaki ya ER32 yenye shina la MT3 kama unataka kupitisha fimbo ndefu, drobaa inaziba njia. Nunua ile ya bamba inayofungwa kwa bolti mahali pa chaki ya meno matatu. Pima kwanza kile kiduara cha spindo kinachoingia nyuma ya chaki, lethi nyingi za inchi 7 ni milimita 55. Na hapa kuna ujanja: bamba likiingia kwa kubana sana, kosa lolote la kiwandani unalo milele. Likiwa na nafasi kidogo sana, unafunga bolti kwa wastani, unaweka dayo geji (saa ya kupimia kuyumba), unaligonga kwa nyundo ya plastiki mpaka sindano itulie, ndo unakaza kabisa.

Kama mkono wako umeshazoea lethi, unaweza kununua nati peke yake ukachonga mwili mwenyewe. Tepa ya ER ni digrii 8 kwa upande. Njia rahisi ya kuipata siyo kusoma ile protrakta ya kompaundi (slaidi ndogo ya juu inayobeba posti ya visu): azima chaki ya ER ya mtu, ifunge kwenye mashine, endesha dayo geji ndani ya tepa yake kwa kusogeza kompaundi, rekebisha pembe mpaka sindano isitembee kutoka mdomoni hadi ndani. Funga kompaundi hapo hapo, weka chuma chako, chonga tepa, kata tredi ya M40x1.5 bila kukitoa kwenye mashine. Kitu kilichochongwa kwenye spindo yake chenyewe hakiyumbi, na hakuna cha dukani cha bei hiyo kitakachokipita.

Hatua ya 4: Saizi zipi

Mashina ya endimili za metriki yanatembea hivi: 6, 8, 10, 12, 16, 20. Kwa hiyo koleti za kwanza ni 6, 10 na 12, afu 8 na 16 zikifuata. Ongeza 4 na 3 kwa drili ndogo. Hizo saba zinabeba kazi nyingi za nyumbani. Za katikati kama 7, 13 na 15 nunua siku kazi ikizidai.

Wenye vifaa vya inchi wasihangaike na seti ya inchi: robo inchi ni 6.35 inaingia kwenye koleti ya 7, 3/8 ni 9.525 inaingia kwenye 10, nusu inchi ni 12.7 inaingia kwenye 13, na 3/4 ni 19.05 inaingia kwenye 20. Ila koleti inashika vizuri zaidi kitu kikiwa karibu na namba yake ya juu, ikibanwa mpaka mwisho inagusa sehemu ndogo tu. Drili haina shida hapo. Endimili ya robo inchi unayoitumia kila siku inunulie koleti yake ya 6.35.

Kamwe usilazimishe kitu kizidi namba ya juu. Shina la 10.1 kwenye koleti ya 10 litaingia ukisukuma, na koleti haitarudi kuwa ilivyokuwa.

Hatua ya 5: Kufunga koleti

Naiweka peke yake kwa sababu koleti nyingi zinauawa hapa. Anayeanza anaiweka koleti ndani ya mwili, anaifunika na nati, anakaza. Hapana. Koleti inaingia kwenye NATI kwanza. Shika nati kiganjani mdomo wa tredi ukitazama juu, ingiza koleti kwa kuilaza upande, ukingo uingie kwenye mfereji, afu uinyanyue isimame. Inalia "tak", uso wake unakaa sawa na uso wa nati. Geuza nati chini juu: koleti haianguki. Hapo ndo unaizungushia kwenye mwili raundi mbili tatu, unaingiza endimili, unakaza. Ukifunga bila ile "tak" nati inabonyeza uso wa koleti na ukingo unaumega, na siku ya kulegeza koleti inabaki imenasa ndani hakuna cha kuivuta. Kutoa ni vile vile, ilaze upande, usiibetue kwa bisibisi.

Endimili au drili iingie angalau theluthi mbili ya urefu wa tundu la koleti. Usiweke kipande kifupi cha sentimita moja mbele tu, nyuma ya koleti itabana hewa, itapinda. Kwenye lethi ukiwa na kipande kifupi, nyuma yake weka kisiki cha kipenyo hicho hicho kishike upande wa pili. Na usikaze nati koleti ikiwa tupu, eti isipotee.

Usafi ni nusu ya usahihi wa hiki kifaa. Chenga moja ya chuma nyembamba kama unywele ikikaa kati ya koleti na tepa, vipimo vyote vimekufa. Futa koleti, futa tepa, futa shina. Usipulize na kompresa kuelekea kwenye spindo, unazipeleka chenga kwenye beringi.

Hatua ya 6: Pima siku mzigo ukifika

Dayo geji ya bei ya kawaida na stendi ya sumaku zinatosha. Anza na spindo tupu: gusa ndani ya tepa, zungusha kwa mkono. Hiyo ndo namba ya mashine yako, usimlaumu muuzaji wa koleti kwa dhambi ya spindo. Afu weka mwili wa ER bila koleti, gusa tepa yake ya ndani. Mwisho weka koleti na pini iliyonyooka, shina la endimili mpya ya kabaidi (ile metali ngumu sana ya kukatia) linafaa, gusa karibu na nati, afu gusa sentimita tano chini.

Karibu na nati ukipata milimita 0.01 mpaka 0.02 kwa vitu vya bei chee, umebahatika, endelea na maisha. Ukipata 0.05 legeza, zungusha koleti ndani ya nati robo raundi, kaza, pima tena. Namba ikihama na koleti, koleti ndo mbovu. Ikibaki pale pale, mwili. Ikiruka ruka bila mpango, nati au uchafu.

Kwa nini ujisumbue na 0.05? Chukua endimili ya 6 yenye meno manne, kila jino linatakiwa kula 0.02 kwa mzunguko. Ikiyumba 0.05 maana yake jino moja linachukua karibu mzigo wote na lililo upande wa pili halijagusa chuma. Linakatika, unasema endimili za Kichina ni mbovu. Kwa drili ya 10 inayotoboa bamba la geti hiyo 0.05 hutaiona kabisa, kwa hiyo pima kwa kazi yako, usitafute usahihi wa maabara ya Uswisi kwa hela ya Kariakoo.

Chaki ya drili na holda ya skrubu

Chaki ya drili ni ya drili. Meno yake matatu yanagusa shina kwa mistari mitatu tu, na yenyewe imekaa kwenye tepa fupi kama B16 isiyo na kitu cha kuivuta. Ukiisukuma kwa ubavu na endimili, chaki nzima inaweza kudondoka ikiwa inazunguka.

Holda ya skrubu ya ubavuni, inayobana endimili yenye kipande bapa kwenye shina, ni rahisi na imara, haiachii endimili ishuke. Inasukuma shina upande mmoja kwa hiyo inayumba kidogo kuliko koleti nzuri. Kwa kazi ya kunyofoa chuma kingi nunua moja ya saizi unayoitumia zaidi, nasema 12 au 16, basi.

Kitu cha bei ndogo kinachosahaulika: bloku za ER32 za pembe nne na pembe sita. Unafunga fimbo ndani, unaweka bloku kwenye vaisi, unachonga ubavu, unageuza, unachonga. Umepata kichwa cha bolti cha pembe sita bila kichwa cha kugawanya (kifaa cha kugeuzia kazi kwa pembe sawa), ambacho bei yake inakaribia ya mashine.

Hatua ya 7: Posti ya visu ya lethi

Lethi ndogo nyingi zinakuja na posti ya pande nne. Inashika vizuri kweli, ila kila kisu lazima ukiinue kwa vipande vya bati mpaka ncha ifike katikati ya spindo, na ukikinoa unaanza upya. Posti ya kubadilisha haraka inakuondolea hayo, kila holda ina nati ya kurekebisha urefu, unaseti mara moja.

Saizi kwa majina ya Kimarekani: 0XA kwa lethi ndogo za inchi 7, AXA kwa zenye uwezo wa inchi 6 hadi 12, BXA inchi 10 hadi 15. Mtumba wa Kiingereza unaweza kuja na Dickson, wa Ulaya bara na Multifix, ambazo ni nzuri sana ila holda zake za nyongeza zina bei, kabla hujafurahi uliza zinauzwa wapi. Kabla ya kuagiza pima umbali kutoka uso wa juu wa kompaundi mpaka katikati ya spindo. Tuseme umepata 22 na sakafu ya holda ina unene wa 8, basi kisu kinene kuliko 14 ncha yake itapita juu ya katikati hata holda ikishuka mpaka chini. Watu wananunua AXA kwa sababu inaonekana imara, wanaishia kuchonga kompaundi ili ishuke.

Ziko za pistoni na za kabari. Ya pistoni inasukuma holda kwa nje, ya kabari inaivuta iegemee posti. Kabari ni bora na inarudi pale pale kila ukibadilisha. Pistoni ni bei nafuu na kwa lethi ya nusu kilowati inafanya kazi. Ninachokataa ni posti za alumini, meno yake yanalika na baada ya muda holda inacheza.

Seti inakuja na holda tano hivi, na katika hizo ya michirizi (ya kukwaruza chuma kishikike kwa mkono) utaigusa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo bajeti ya holda za kawaida za nyongeza iweke tangu mwanzo, tatu au nne. Holda zikiwa chache unajikuta unatoa kisu na kuweka kingine kwenye holda ile ile, unaseti urefu upya, faida yote imeyeyuka. Ukiwa na milingi na kikata cha mkia wa njiwa holda unazichonga mwenyewe, ni zoezi zuri.

Kuseti urefu bila kifaa: bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na fimbo ya mviringo iliyo kwenye chaki, taratibu. Rula ikisimama wima uko katikati. Kichwa cha rula kikilalia kwako, kisu kiko chini. Kikilala kwenda ng'ambo, kisu kiko juu.

Hatua ya 8: Visu na tipu

Zile seti za visu vya kabaidi vilivyochomelewa, vyenye rangi, vipande tisa au kumi na moja, ziache. Zinakuja butu, na jiwe la kawaida la kijivu la grainda halinoi kabaidi, linataka lile la kijani.

Njia ya bei ya chini kabisa ni HSS (chuma kigumu cha kukatia kinachonolewa), kipande cha milimita 8 unakinoa mwenyewe, kinakaa miaka, na kwa mashine isiyo na nguvu kinakata laini kuliko tipu nyingi (vipande vidogo vya kabaidi vinavyofungwa kwa skrubu kwenye kisu). Kama ulipita VETA unajua kukinoa, kama hukupita, vipande viwili vya kuharibu ukijifunza havikufilisi.

Kwa tipu, tafuta herufi na si picha. SCLCR 1010 yenye mwisho 06 ni shina la 10 kwa 10 linalobeba tipu ya CCMT 0602. Kisu hicho kimoja kinachonga ubavu na kusawazisha uso bila kukigeuza. Sasa nunua na baa ya kupanulia tundu ya S10K-SCLCR06, nayo inabeba tipu ile ile. Sanduku moja la tipu kumi linahudumia visu viwili, na hapo ndipo akiba ilipo, siyo kwenye bei ya kisu. Tarakimu za mwisho za jina zima la tipu, kama CCMT 060204, ni nusukipenyo cha ncha, 04 ni milimita 0.4, 02 ni 0.2. Kwa lethi dhaifu chukua 02 au 04, ya 08 itakutetemeshea.

Tipu za CCGT zilizong'arishwa zimetengenezwa kwa alumini lakini ncha yake ni kali, kwenye mashine ndogo zinakata hata chuma laini vizuri ukila kidogo kidogo. Epuka CNMG na wenzake wasio na mteremko chini ya ncha, wanataka nguvu ambayo mota yako haina. Na ukiona tipu za jina kubwa la Ulaya zinauzwa robo ya bei, lipa kama unalipia za Kichina, maana ndizo.

Baa ya chuma isitokeze zaidi ya mara nne ya kipenyo chake, ya 10 isizidi 40. Kwa kukata kipande, kisu cha HSS cha milimita 2 kilichotokezwa kidogo tu kuliko nusu ya kipenyo cha fimbo, behewa (kile kinachobeba posti na kutembea kwenye lethi) limefungwa, mafuta yanadondoka.

Mpangilio wa manunuzi

Mzigo wa kwanza: mwili wa ER32 wa milingi, nati nzuri, spana, koleti 6, 10, 12, na dayo geji kama huna. Wa lethi: posti na holda za ziada, HSS mbili, SCLCR moja. Mzigo wa pili: koleti mbili za moja kwa moja za spindo, bamba la ER32 la lethi (koleti unazo tayari), baa ya kupanulia. Mzigo wa tatu ni bloku za pembe na saizi za katikati. Vyuma hivi ni vizito na vidogo, kwa hiyo usafiri unalipia kilo, changeni na jamaa wawili watatu mpakie pamoja.

Walioko Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, hewa ya bahari inakula koleti ikiwa droo. Mafuta mepesi kila baada ya kazi, na kabla ya kutumia uyafute yote, koleti yenye mafuta ndani ya tundu inateleza. Koleti iliyoanza kuyumba zaidi ya 0.05, au iliyopanuka mdomo mpaka drili inacheza mbele na kubanwa nyuma, ipake rangi nyekundu kwenye uso na uipeleke kwenye drili. Isirudi kwenye endimili.